Neno "run" lilivyonifanya kichekesho Ufini: uzi wa maana zake kwa Kifini, na kwa nini usipitie Kiingereza

Shangazi Baridi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu niliuahidi kule kwenye mada ya maisha ya ughaibuni, zamu zikanibana. Leo niko mapumziko, nje ni nyuzi 18 chini ya sifuri, chai ya tangawizi iko mezani. Tukae.

Kisa kwanza. Mwaka wangu wa mwanzo hapa Tampere nilipata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Asubuhi moja babu mmoja wa miaka tisini na kitu akaamka na mafua mabaya. Ukimaliza zamu lazima uandike hali ya kila mzee kwenye daftari. Kifini nilijifunza kwa vitabu vya Kiingereza, kwa hiyo kichwani ilikuja hivi: pua yake "is running". Run, yaani kukimbia, kwa Kifini ni juosta, somo la kwanza kabisa hilo, hata mtoto anajua. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: *Nenä juoksee.* Nikavaa koti nikaenda zangu.

Kesho yake nakuta mchoro kwenye mlango wa friji ya wafanyakazi. Pua kubwa ina miguu miwili, imevaa raba, jasho linaichuruzika, inakata utepe wa mwisho wa mbio. Chini yake jina langu, na kopa pembeni ili nisikasirike. Nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini moyoni iliniuma kidogo.

Nilichotakiwa kuandika ni *nenä vuotaa.* Na vuotaa ni nini? Ni kuvuja. Paa linavuja: *katto vuotaa.* Bomba linavuja: *hana vuotaa.* Kuvuja damu wanaita *verenvuoto*, na siri za kompyuta zikivuja ni *tietovuoto*. Angalieni hapo. Damu, paa, bomba, siri: vyote hivyo na sisi tunasema vinavuja. Hata sauti zinakaribiana, vuo na vuja, ingawa hiyo ni bahati tu, lugha hizi hazina undugu wowote. Ningefikiri kwa lugha ya mama yangu, pua isingekimbia hata hatua moja, maana kwetu pua haijawahi kukimbia. Kamasi zinatoka, pua inachuruzika. Ningetafuta neno la kuchuruzika au kuvuja, ningefika.

Hilo ndilo ninalotaka kusema kwenye uzi huu. Wengi wetu tunaokuja huku tunapita njia ndefu: Kiswahili, kisha Kiingereza, kisha Kifini. Pale katikati ndipo tunapoanguka.

Na run ni shimo hasa. Ile kamusi kubwa ya Oxford ilipofika kwenye neno hili, mhariri wake Peter Gilliver alikaa nalo zaidi ya miezi 9, akatoka na maana 645 za kitenzi peke yake. Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set", ambalo toleo la 1989 lililipa maana kama 430. Sasa wewe unalibeba neno lenye matumbo 645, unalitafsiri kwa juosta, ambalo ni kukimbia kwa miguu. Unategemea nini?

Nitaleta moja moja kadiri mnavyouliza. Naanza na hili la pesa kwa sababu ndilo lililonifumbua macho. Mwingereza anasema "I ran out of money", yaani yeye ndiye mtenda, amekimbia akatoka nje ya pesa, sijui kuelekea wapi. Mfini anasema *minulta loppui raha*. Loppua ni kuisha, na minulta ni "kutoka kwangu". Pesa ndiyo mtenda, mimi natendwa. Sisi tunasemaje? Hela zimeniishia. Pesa mtenda, na ile -ni- katikati ndio mimi, natendwa vilevile. Nilipoona hilo darasani nilimgeukia jirani yangu, dada wa Bukoba, tukatazamana tu.

---

Kigogo cha Mwembe

Nipo siti ya mbele, korosho mkononi. Mwaga nondo shangazi.

---

Fundi Saa

Mimi kazi yangu ni saa na redio, hapa Morogoro. Waingereza kwenye vitabu vya saa wanaandika saa "is running", eti ikipoteza dakika "is running slow". Hao Wafini saa yao inakimbia au inafanya nini?

---

Shangazi Baridi

Fundi, utafurahi. Saa ya Mfini inakwenda. *Kello käy.* Käydä maana yake ni kwenda mahali na kurudi, kama kwenda dukani au kumtembelea mtu. Mteja wako akija kusema "fundi, saa yangu haiendi", hiyo ndiyo *kello ei käy*, neno kwa neno. Injini nayo *moottori käy.* Hata pombe ikiwa inachacha kwenye pipa, *olut käy*, bia inakwenda. Na ukitaka kumuuliza mtu "itafaa?" unasema *käykö?*, kama mama wa sokoni anavyokuuliza "inakwenda hiyo?" ukiwa bado unapima bei.

Mabasi sasa. Kwa Kiingereza basi "runs" kila nusu saa. Kwetu Jumapili magari hayatembei, au yanatembea machache. Mfini anatumia *kulkea*, kusafiri au kupita njia: *bussi kulkee myös sunnuntaisin*, basi linatembea na Jumapili. Neno hilohilo ndilo la mambo ya ukoo. Kipara kikiwa cha kurithi, Mwingereza anasema "it runs in the family", Mfini *se kulkee suvussa*, kinatembea kwenye ukoo. Mimi ndoto za kuanguka kwenye kisima zinatembea kwenye ukoo wetu, bibi, mama, mimi.

Mto ni *virtaa*, unatiririka. Kutoka hapo wana *virta*, mkondo, na umeme nao ni virta. Fundi, wewe unajua: mkondo wa maji, mkondo wa umeme. Hapo tena tumekaa benchi moja nao.

---

Mwanariadha Mstaafu

Salamu kutoka Oulu, mimi ni wa Eldoret, nasomea uuguzi. Nimecheka hiyo pua na raba mpaka jirani amegonga ukuta.

Lakini msisahau juosta yenyewe jamani, ile ya miguu. Hawa watu wanaiheshimu kama sisi. Paavo Nurmi ana dhahabu 9 za Olimpiki, sanamu yake iko nje ya uwanja wa Olimpiki Helsinki. Na Lasse Virén, Munich 1972, mita 10,000: ameanguka chini katikati ya mbio, akaamka, akawafikia, akashinda, na rekodi ya dunia juu. Mzee mmoja ninayemhudumia hunisimulia hiyo kila wiki, na kila wiki anainuka kidogo kwenye kiti pale Virén anapoinuka.

Mbio zile za kuruka viunzi na maji, mita 3,000, wanaziita *estejuoksu*. Este ni kizuizi, juoksu ni mbio. Kabla yetu hizo zilikuwa zao: walichukua dhahabu 1924, 1928, 1932 na 1936. Halafu tukaja sisi 1968. Nilimwambia mzee hivyo, akanyamaza, kisha akasema "joo", ile joo yao ya kuvuta pumzi ndani. Sikuongeza neno.

---

Shangazi Baridi

Hahaha, ile joo ya kuvuta pumzi! Siku ya kwanza nilidhani mgonjwa amepaliwa.

---

Kigogo cha Mwembe

Shangazi, kwenye siasa je? Wamarekani wana "run for president" kila dakika kwenye televisheni.

---

Shangazi Baridi

Hili nalipenda. Mmarekani anakimbia. Mwingereza wa Uingereza yeye anasimama, "stand". Mfini hakimbii wala hasimami, *asettuu ehdolle*, anajiweka kwenye nafasi ya mgombea, kama mtu anayekaa vizuri kwenye kiti na kuvuta koti. Na sisi? Sisi tunagombea. Tunagombania! Ukiligeuza neno hilo utaona ni ugomvi mtupu toka mwanzo, na nadhani sisi ndio wakweli kuliko wote. Pekka Haavisto, mwanasiasa wa hapa, alijiweka kwenye urais 2012, akajiweka 2018, akajiweka 2024 akashindwa na Alexander Stubb raundi ya pili, na usiku wa matokeo hapa mtaani hakukuwa hata honi moja. Nilikuwa nimezoea honi.

---

Mtu wa Turku

Shangazi heshima yako, lakini umepitiliza. Mimi niko huku mwaka wa 14, mke wangu ni wa hapa. Umesema juosta ni miguu tu. Si kweli. Maji ya bomba ni *juokseva vesi*, maji yanayokimbia, ukitafuta nyumba ndogo ya mashambani kupanga utaliona kwenye kila tangazo, ama yapo ama hayapo. Namba za mfululizo ni *juokseva numero*. Mambo ya kila siku ya ofisi ni *juoksevat asiat*, mambo yanayokimbia.

Halafu kuna juoksettaa. Ukiangalia umbo lake utadhani ni "kukimbiza". Kumbe ni kugandisha maziwa ili yawe jibini, na ile dawa ya kugandishia ni *juoksete*. Mama mkwe aliniambia anataka kufanya hivyo na maziwa, nikaenda kufungua mlango wa nje, nikijua kuna kitu kinataka kukimbizwa.

Kwa hiyo kukimbia kwao nako kuna pembe zake.

---

Shangazi Baridi

Nimekubali Mtu wa Turku, juokseva vesi ilinipita, na mimi ndiye ninayeoga hayo maji. Nilikuwa na hasira na juosta nikaionea.

Ila tazama: maji yanakimbia, pua haikimbii, na bomba bovu halikimbii. Yakitoka kwa utaratibu wake ni kukimbia, yakitoka pasipotakiwa ni kuvuja. Mwingereza maji na pua vyote kwake ni run.

---

Mpinga Mada

Nimesoma kimya mpaka hapa. Shangazi, hoja yako ina tundu. Unasema tutoke Kiswahili moja kwa moja. Haya, "kupiga" je? Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga chafya, tunapiga hodi. Mfini anayejifunza Kiswahili naye ana mchoro wake kwenye friji mahali fulani. Ukienda na kupiga yako kichwani utaandika nini? Umempiga nani?

Na "kuendesha" usiseme. Ninaendesha gari, ninaendesha kampuni, ninaendesha kikao, na juzi nimekula maembe mabichi nimeendesha usiku kucha. Hiyo nayo ni run. Wewe unadhani Kiswahili ni kisafi?

---

Kigogo cha Mwembe

Maembe mabichi na chumvi au bila chumvi? Uliza swali muhimu.

---

Shangazi Baridi

Mpinga Mada, umenipiga pazuri. (Ona, kupiga.)

Ni kweli. Nimewahi kusema *lyön puhelinta*. Lyödä ni kupiga kwa mkono au fimbo. Yaani nilimtangazia mwenzangu kwamba nakwenda kuichapa simu. Kwa Kifini kila kupiga kwetu kuna neno lake: simu ni *soittaa*, ambalo pia ni kupiga gitaa, pasi ni *silittää*, ambalo pia ni kumpapasa paka, kura ni *äänestää*, toka ääni, sauti, chafya ni *aivastaa*, hodi ni *koputtaa*. Hapo Kiswahili hakikusaidii, kinakuponza kama run.

Lakini kuna tofauti moja naiona. Sisi tunajua kwamba kupiga ni gunia tupu, mzigo uko kwenye neno linalofuata. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayesikia "piga pasi" akaona ngumi. Run yenyewe tulifundishwa shuleni kwa picha ya mvulana mwenye kaptura anakimbia, na picha hiyo imetukaa. Tukisikia pua "runs", mvulana wa kaptura anatokea.

Basi nirekebishe. Usilishike neno la Kiingereza wala la Kiswahili. Uliza kitu chenyewe kinafanya nini. Pua inafanya nini? Inatoa maji pasipotakiwa. Sasa tafuta neno.

Kuhusu kuendesha, sikiliza. Gari ni *ajaa*, kuendesha. Programu ya kompyuta ni *ajaa* pia. Kunyoa ndevu ni *ajaa parta*, kuendesha ndevu, sijui kwenda wapi. Kampuni: ukiwa bosi wa juu ni *johtaa*, kuongoza, lakini ukiwa na kibanda chako cha mama ntilie unahangaika nacho mwenyewe ni *pyörittää*, kuzungusha! Mtu wa Kariakoo anayesema "nazungusha biashara ndogondogo" atafahamika hapa bila mkalimani. Tumbo ndilo waliloliachia neno lake peke yake, *ripuli*, na kwenye daftari la zamu hilo hukosei, utake usitake.

---

Binti Mshonaji

Shikamooni wote. Mimi nina swali la kushona. Soksi ndefu za nailoni zikikatika uzi, unapata ule mstari unaopanda mguuni. Kwenye pakiti wanaandika "no runs". Huko unaitwaje?

---

Shangazi Baridi

Marahaba mwanangu. Hilo swali lako ndilo lenye neno zuri kuliko yote ya uzi huu: *silmäpako*. Silmä ni jicho, na pia kile kitundu cha uzi wa kufuma. Pako ni utoro, kukimbia hatari. Kitundu kimetoroka.

Na pako huyo yupo mahali pengine pawili. Watu wakikimbilia benki kutoa pesa zote siku moja kwa hofu, ile "bank run", Mfini anaita *talletuspako*: akiba zimetoroka. Anatazama pesa zinazoondoka, Mwingereza anatazama watu wanaokimbilia mlangoni. Na wa pili ni *pakolainen.* Mtu wa pako. Mkimbizi.

Mwingereza kwa neno la mkimbizi hana run, amechukua neno la kutafuta kimbilio. Sisi na Wafini tumeliangalia kutoka nyuma, toka kule anakotoka, miguu yake inavyofanya. Nimefanya kazi na dada mmoja wa Kongo aliyepita kambini Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Siku tuliyokuwa tunakunja mashuka nikamwambia maneno haya mawili yamejengwaje. Akakunja shuka mpaka mwisho, akasema, "Basi hawa walituona." Akachukua lingine.

Mbwa akikata kamba, lakini, si pako, ni *karata*: *koira karkasi*, mbwa katoroka. Na mwaka mrefu, ule wenye Februari 29, wanaita *karkausvuosi*. Mwaka mtoro! Siku imechomoka.

---

Mtu wa Turku

Ongeza "run into". *Törmätä.* Kugongana. Unagongana na nguzo, unagongana na rafiki wa zamani sokoni, neno lilelile, kama sisi. Lakini "run over", kugongwa na gari, ni *jäädä auton alle*, kubaki chini ya gari. Naliona la kutisha zaidi.

---

Mwanariadha Mstaafu

Na nguo inayochuja? Mimi leso yangu ya Mombasa imegeuza mashuka yote ya bweni kuwa waridi. Mwenzangu wa chumba alisema kitu sikukishika.

---

Shangazi Baridi

Alisema *päästää väriä*. Inaachia rangi. Loweka kwenye maji baridi na chumvi kabla ya kufua, na uifue peke yake. Na mnunulie mwenzako shuka.

---

Msomaji wa Pwani

Nimefuatilia. Kuna mtu Chuo Kikuu cha Helsinki, profesa mstaafu Arvi Hurskainen, ametumia miaka mingi kutengeneza programu ya kuchambua Kiswahili inayoitwa SALAMA, pamoja na hazina kubwa ya matini ya Kiswahili. Niliposikia kwamba ni Mfini nilishangaa, sasa sishangai. Mtu ambaye lugha yake inabandika vipande kwenye neno moja kama treni, akikutana na "hawatanipigia" hapati kizunguzungu.

---

Shangazi Baridi

Msomaji, umenikumbusha la mwisho nililotaka kuleta. Wafini wana neno la kutania wageni: *juoksentelisinkohan*. Mwalimu wetu aliliandika ubaoni, Mjerumani akashika kichwa. Sisi wawili wa Kiswahili tukaanza kulipasua kama samaki. *Juoks-*, kukimbia. *-entel-*, huku na huku bila mpango, yaani kimbiakimbia. *-isi-* ni -nge-. *-n* ni mimi. *-ko* ni je. *-han* ni ile "hivi" ya mtu anayejiuliza peke yake dirishani. Hivi, ningekimbiakimbia tu? Kila kipande tuna mwenzake, wao wanapanga nyuma, sisi tunapanga mbele. Mwalimu akauliza tumejifunza wapi.

Haya, "set" naona mnaliulizia huko chini, lakini mniache. Nimeitwa kuziba zamu ya usiku, mtu ameugua, nenä vuotaa. Basi langu *kulkee* baada ya dakika 12 na bado sijapata glavu ya pili.